Mwanamuziki akisema "niongezee", usiikimbilie feda

Kwenye mikisa ya monita, mashine ya kupanga sauti ambayo wanamuziki hujisikia wakiwa jukwaani, kuna ombi moja lisiloisha: niongezee. Bendi ikiacha spika za jukwaani ikaanza kutumia monita za masikioni, watu hudhani ombi hilo litapungua. Kwa niliyoyaona, siku za mwanzo ndipo linapozidi. Ndiyo maana nimejizoeza kuuliza kwanza kabla sijagusa feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, kwa sababu anayelalamikia sauti ndogo mara nyingi tatizo lake liko kwingine.

Liko sikioni, kwa mfano. Monita hizi hufanya kazi pale tu zinapoziba tundu la sikio sawasawa. Ukibaki upenyo mdogo tu, besi inatoroka na kelele za dramu zinaingia. Mwanamuziki ataomba besi, utampa. Ataomba dramu ya mguu, utampa. Mwisho mchanganyiko wake umekuwa tope na bado hajaridhika. Kwa hiyo kabla ya jaribio la sauti hupita kwa kila mmoja na vifuniko vya sponji na vya silikoni vya saizi mbalimbali. Sponji inaminywa, inaingizwa huku sikio likivutwa juu na nyuma kidogo, halafu inashikiliwa mpaka itanuke. Waimbaji wajaribu huku wamefungua mdomo kama wanaimba, maana taya likisogea, tundu la sikio nalo hubadilika umbo. Atakayeagiza za kutengenezewa kwa umbo la sikio lake naye apimwe mdomo ukiwa wazi.

Sikio likishaziba, mwimbaji hukutana na jambo jipya: sauti yake mwenyewe inamvuma kichwani, kwa kuwa inamfikia kupitia mifupa ya fuvu. Hapa wengi huomba sauti yao ipandishwe ili ishinde ule mvumo. Mimi hupunguza kidogo eneo la hezi 200 hadi 300 kwenye sauti yake, kisha nabonyeza kitufe cha kugeuza poleriti, yaani kupindua wimbi la sauti juu chini, nisikie atasemaje. Sauti ya mifupa na ile inayotoka kwenye mikisa zinaweza kukatana, hasa mikisa ya kidijitali inapoichelewesha sauti kwa milisekunde kadhaa, na kitufe hicho wakati mwingine huijaza sauti tena bila kuongeza chochote. Mwache mwimbaji aamue mwenyewe. Wewe huwezi kuisikia mifupa yake.

Kinachonikera zaidi ni kompresa, kifaa kinachoibana sauti inapopanda. Fundi wa ukumbini anaiweka kwenye chaneli ya mwimbaji, yaani njia ya maiki yake ndani ya mikisa, ili sauti itulie, na hadhira inafaidi. Lakini ikipita hadi kwenye monita, mwimbaji akiongeza nguvu anasikia sauti yake haipandi. Anaongeza nguvu tena, kompresa inamkaba tena, na onyesho halijafika nusu koo limeshachoka. Atakuambia hajisikii, na atakuwa anasema kweli. Mikisa nyingi za kidijitali hukuruhusu kuchagua auksi, ile njia inayopeleka sauti kwenye monita, ichukue sauti kutoka hatua gani ya chaneli, basi ichukue kabla ya kompresa. Ikishindikana, ingiza maiki ileile kwenye chaneli mbili, moja ya ukumbi na moja ya monita. Auksi zenyewe ziwe kabla ya feda, ili fundi wa ukumbini akishusha gitaa kwenye spika kubwa asimnyang'anye mpigaji gitaa lake sikioni. Na geini, yaani nguvu ya sauti inapoingia kwenye mikisa, ikishawekwa, mtu asiiguse bila kumwambia mwenzake, kwani inabadilisha masikio yote kwa mkupuo.

Nikianza kupanga mchanganyiko, nafunga sauti zote. Mwimbaji anapewa sauti yake, kisha ala moja ya kumshikia ufunguo wa wimbo, kwa kawaida kinanda, kisha kitu kimoja cha mapigo. Tunapiga wimbo mzima, si ubeti mmoja, ndipo nafikiria kuongeza. Mpiga besi anahitaji dramu ya mguu kuliko matoazi, na matoazi hayo yatamfikia hata asipoyaomba, kupitia maiki za waimbaji. Akitaka kitu kisikike zaidi, tazama kwanza kinachokifunika, ushushe hicho. Vitu viwili vikigombania nafasi moja, kimoja kiende kushoto na kingine kulia. Stirio inalipa hapo: magitaa mawili yaliyotenganishwa husikika wazi kwa kiwango kidogo, lakini ukiyarundika kwenye mono kila mpigaji atataka lake liwe juu ya la mwenzake. Auksi zikiwa haba, stirio ningewapa waimbaji kwanza.

Halafu kuna yule anayechomoa upande mmoja. Atakuambia anataka kuwasikia watu, na simlaumu. Ila sikio lililo wazi linapigwa na dramu, na lililobaki linapandishiwa sauti ili lishindane na kelele hizo, kwa hiyo yote mawili yanaumia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Badala ya kumkemea, naweka maiki mbili pembeni mwa jukwaa zikielekea hadhira, nazikata besi, moja naipeleka kushoto na nyingine kulia. Wimbo ukiisha nazipandisha, muziki ukianza nazishusha. Naongeza na mwangwi kidogo kwenye sauti yake. Bila hivyo viwili, kuvaa monita hizi ni kama kuimba umejifungia kabatini.

Limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango kilichowekwa, si jambo la hiari kwenye kila njia ya kutokea sauti ya monita. Maiki ikianguka au waya ukichomolewa chaneli ikiwa wazi, mlio uko ndani ya sikio tayari.

Kuhusu vifaa visivyo na waya sina mengi: mpiga dramu na mpiga kinanda wamekaa mahali pamoja, wape waya. Utaokoa masafa ya redio na betri kwa ajili ya wanaotembea.

Mikisa zinazomruhusu kila mwanamuziki ajipangie kwa simu yake zinasaidia, lakini siku ya kwanza usiwape. Wapangie wewe mazoezini, hifadhi mpangilio, kisha wafungulie chaneli chache wanazozihitaji. Wewe nawe vaa monita za aina ileile wanayovaa, upitie mchanganyiko wa mmoja baada ya mwingine wimbo ukiendelea, maana mengi utayasikia kabla hawajakuita. Na weka maiki ya mazungumzo inayoingia masikioni mwao tu. Walioziba masikio hawatakusikia hata ukisimama pembeni yao ukapiga kelele.