Maswali ya Wasomaji: Mkate wa oti na matunda kwa kifungua kinywa

Tangu oti zianze kupatikana kwa urahisi madukani, wasomaji wengi wa safu hii wameacha kuuliza namna ya kuzipikia uji na wameanza kuuliza namna ya kuzioka. Katika toleo hili tumeweka pamoja barua zinazohusu mkate mmoja tu, ule wa oti na matunda unaoliwa asubuhi, kwa kuwa maswali yenyewe yanafungamana na jibu la mmoja huweza kumfaa mwingine.

*Ningependa kuacha kuwapa wanangu mkate mweupe wa dukani uliopakwa siagi na jemu kila asubuhi. Je, mnaweza kunielekeza mkate wa oti na ndizi usiotiwa sukari kabisa, lakini ambao watoto hawataukataa?*
Msomaji, Morogoro

Mkate wa namna hiyo unawezekana, kwa sharti kwamba ndizi ziwe zimeiva hasa. Ndizi inapoendelea kuiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari, ndiyo maana ile iliyojaa madoa meusi na ambayo wengi huipita sokoni ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Tumia kisukari au ndizi ndefu za kula. Mzuzu na ndizi nyingine za kupika ziache, kwa sababu hubaki na wanga mwingi hata zikiiva.

Kwa chombo cha kuokea chenye urefu wa sentimita 23 hivi na upana wa sentimita 13, andaa gramu 150 za oti zilizopondwa bapa, mililita 200 za mtindi usio na sukari, gramu 350 za ndizi zilizokwisha menywa, mayai 2, vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti, gramu 180 za unga wa ngano usiokobolewa, gramu 80 za tende zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa, vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mdalasini na iliki ni hiari yako, ingawa kwa maoni yangu mkate usio na sukari bila iliki hukosa kitu. Ikiwa huna mizani, kikombe kimoja na nusu cha oti na kingine kimoja na nusu cha unga vitakukaribisha kwenye vipimo hivyo.

Anza kwa kuloweka oti katika mtindi kwa dakika 20 au zaidi, na hatua hii usiiruke. Oti kavu zikiingia moja kwa moja kwenye unga zitaendelea kunywa maji wakati mkate uko motoni, na matokeo yake ni mkate mkavu pembezoni na mzito katikati. Wakati zinalowa, ponda ndizi kwa uma, changanya na mayai pamoja na mafuta, kisha mimina humo oti pamoja na mtindi wake. Katika bakuli jingine changanya unga, bekingi pauda, bekingi soda, chumvi, viungo na tende, ukihakikisha kila kipande cha tende kimepakwa unga ili vipande visishikane. Unganisha mabakuli hayo mawili kwa mwiko, uache kukoroga mara tu unga mkavu usipoonekana tena, kwani kukoroga sana huamsha gluteni, ile protini ya ngano inayonata, na kuufanya mkate uwe mgumu kutafuna. Mtindi una asidi inayoiamsha soda papo hapo, kwa hiyo oveni iwe imekwisha kupata moto wa nyuzi 180 za Selsiasi kabla ya kuunganisha. Oka kwa dakika 55 hadi 60, kisha uache upoe kwa saa nzima kabla ya kukata. Mkate wa oti unaokatwa ukiwa wa moto huonekana mbichi hata kama umeiva.

Kuhusu watoto, waliozoea jemu huenda wakauona mkate huu umepooza kwa siku za mwanzo. Usikimbilie asali kwa kudhani kwamba hiyo ni halali ya afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka asali katika fungu moja na sukari ya mezani, na unashauri kwamba sukari za fungu hilo zisizidi asilimia 10 ya nishati yote anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi katika fungu hilo. Tende zikikatwa vipande vikubwa kidogo, mtoto hukutana na utamu mara kwa mara anapotafuna, na hiyo hutosha kwa wengi wao.

*Nilioka mkate wa ndizi na oti, nikaongeza kikombe cha embe na nanasi ili uwe na matunda zaidi. Uliumuka vizuri, lakini nilipoutoa ukadidimia katikati, na ndani ulikuwa kama ugali usioiva, ingawa juu ulikuwa umeungua kidogo. Tatizo ni oveni yangu?*
Msomaji, Zanzibar

Oveni huenda haina kosa lolote. Anayeongeza tunda kwenye mkate huongeza maji, na hilo ndilo linalosahaulika. Karibu robo tatu ya uzito wa ndizi ni maji. Katika embe na nanasi maji huzidi asilimia 80. Kikombe kimoja cha vipande vya embe na nanasi kinaweza kuleta zaidi ya gramu 130 za maji, yaani zaidi ya nusu ya maji yanayoletwa na mtindi wote uliotajwa katika jibu la kwanza. Unga na oti zako zilikuwa zilezile, maji yakazidi, na sehemu ya katikati, ambayo ndiyo ya mwisho kupata moto, ikashindwa kushikamana. Kwa hiyo tunda bichi lolote lipewe nafasi kwa kupunguza kitu kingine: ukitia gramu 150 za embe, punguza ndizi kwa kiasi hichohicho, au chemsha vipande vya embe taratibu bila kufunika mpaka vikauke na kunata. Tende na zabibu kavu hazina shida hiyo, na ndiyo sababu mapishi mengi ya mkate wa aina hii huzipendelea.

Nanasi lina tatizo lake la pili. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho huvunjavunja protini. Papai lina ndugu yake, papaini, anayepatikana kwa wingi zaidi likiwa bichi. Kila aliyewahi kusugulia papai bichi kwenye nyama ya mishikaki ili ilainike ameiona kazi hiyo kwa macho yake. Mkate nao hutegemea protini za yai na za ngano kusimama, na nanasi bichi huanza kuzidhoofisha tangu zikiwa bakulini. Moto huua nguvu ya vimeng'enya hivi, kwa hiyo nanasi na papai vipikwe kwanza, vipoe, ndipo viingie.

Ama kuhusu kuungua juu, usiamini rangi. Mkate wenye ndizi hugeuka kahawia mapema kwa sababu ya sukari ya tunda. Ukifika dakika ya 35 na juu kumekolea, funika kwa karatasi ya alumini bila kuibana, uendelee kuoka. Chomeka njiti katikati mpaka chini: ikitoka na chembechembe chache kavu mkate umeiva, ikitoka na rojo urudishe. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 95 hivi katikati ya mkate.

*Sina oveni, nina jiko la mkaa tu. Mkate huu unaweza kuokwa humo?*
Msomaji, Tanga

Naam, na kwa mtu wa pwani swali hili lina jibu lililokwisha kuwepo jikoni kwa bibi zetu, maana mkate wa kumimina huokwa kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Njia ni ileile, ila mkate wa oti ni mzito zaidi na huchelewa kuiva ndani, kwa hiyo ugawe mchanganyiko katika vyombo viwili vipana, kimo chake kisizidi sentimita 4. Tandaza mchanga mkavu kabisa ndani ya sufuria kubwa nene, uweke kigoda kidogo cha chuma au mawe matatu bapa juu ya mchanga, na upashe sufuria moto kwa dakika 15 ikiwa imefunikwa. Kisha weka chombo chenye mchanganyiko juu ya kigoda, funika kwa mfuniko wa chuma usio na plastiki, na upange makaa mengi juu na machache chini. Makosa ya wengi ni kuweka moto mkali chini, na hapo mkate hushika ukoko mweusi kabla juu hakujashikana. Usifunue kabla ya dakika 25. Mkate kwa kawaida huwa tayari kati ya dakika 35 na 45. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa mkaa una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Mwenye jiko la gesi anaweza kutumia sufuria na mchanga vivyo hivyo. Juu hakutakuwa na rangi nzuri, lakini ladha haitapungua.

*Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Jirani amemwambia kwamba mkate wa oti ni dawa na anaweza kuula atakavyo. Naomba ushauri wenu.*
Msomaji, Mombasa

Mama asiule atakavyo. Sifa ya oti ina msingi wa kweli: zina nyuzinyuzi ziitwazo betaglukani, ambazo huvimba kwa maji, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na husaidia kushusha lehemu (kolesteroli). Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vya oti kuandikwa maelezo kuhusu afya ya moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za betaglukani kwa siku. Sasa tupige hesabu ya mkate wetu. Oti kavu huwa na takribani gramu 4 za betaglukani katika kila gramu 100, kwa hiyo gramu 150 zina gramu 6. Ukikata mkate vipande 12, kila kimoja kinabaki na nusu gramu. Ili kufikia gramu 3 kwa mkate peke yake mama angelazimika kula vipande sita, na vipande sita ni nusu ya mkate mzima, pamoja na ndizi, tende na ngano yake yote. Bakuli la uji wa oti uliopikwa kwa gramu 40 bila sukari lingempa zaidi ya mara tatu ya kile kilicho katika kipande kimoja.

Kipande kimoja kina kati ya gramu 25 na 30 za wanga na sukari kwa pamoja, karibu sawa na vipande viwili vya kawaida vya mkate wa dukani. Kwa hiyo kihesabiwe badala ya mkate huo, kisiwe nyongeza. Unaweza kumwokea wa kwake kwa kuondoa tende na kutia gramu 40 za korosho au karanga zilizokatwakatwa, jambo litakalopunguza gramu 4 hivi katika kila kipande. Kutumia ndizi ambazo hazijaiva sana hakutapunguza jumla ya wanga kama wengi wanavyodhani. Ale kipande kimoja pamoja na yai, chai iwe bila sukari, na apime sukari yake saa mbili baadaye ili ajue mwili wake umepokeaje. Ikiwa anatumia insulini au vidonge, mabadiliko ya kifungua kinywa yajadiliwe kwanza na wahudumu wa kliniki yake.

*Je, naweza kutumia hamira badala ya bekingi pauda?*
Msomaji, Nairobi

Unaweza, lakini huo utakuwa mkate wa aina nyingine: mwepesi, unaokandwa, na usio na ndizi za kuponda. Oti hazina gluteni inayoshika hewa ya hamira, hivyo zisizidi robo ya mchanganyiko. Tumia gramu 375 za unga wa ngano kwa gramu 125 za oti. Oti zilowekwe kwa maji ya moto, kisha zipoe mpaka ziwe vuguvugu kabla ya kukutana na hamira, la sivyo hamira itakufa. Zabibu kavu ziingie baada ya unga kuumuka mara ya kwanza, na mdalasini uwe kidogo kwa kuwa huichelewesha hamira.

*Mkate wangu huota ukungu siku ya tatu. Niuhifadhi vipi?*
Msomaji, Dar es Salaam

Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, mkate wenye ndizi na usio na dawa ya kuhifadhi usitegemewe kukaa nje zaidi ya siku mbili. Hakikisha umepoa kabisa kabla ya kufunikwa, maana mvuke ukinaswa ndani ya mfuko hugeuka maji juu ya mkate, na ukungu huanzia hapo. Katika jokofu utakaa siku nne au tano. Utakauka kidogo, kwa sababu wanga hugumaa haraka zaidi kwenye baridi isiyogandisha, lakini kuupasha moto huurudishia ulaini. Njia bora ni kuukata wote siku ileile, kuweka karatasi kati ya kipande na kipande, na kuugandisha kwa muda usiozidi miezi miwili. Asubuhi toa idadi mnayohitaji na uipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, dakika tatu kila upande.

Ukungu ukionekana, hata kwa doa moja, tupa mkate wote, kwa sababu mizizi yake hupenya mbali katika mkate laini kabla ya kuonekana juu. Utupe pia ukiona ndani mna utelezi unaovutika kama nyuzi na harufu ya tunda lililovunda. Hao ni bakteria ambao mbegu zao husalimika motoni. Chombo cha kuokea, kisu na ubao vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha vifutwe kwa siki kabla ya kuoka tena.