Msikimbizane nao

Kocha, nimekuelewa: mmefungwa mechi ya kwanza ya kikapu kati ya tatu, wapinzani wenu wanakimbia kama swala, nyie mna warefu wawili wazito. Basi msikimbizane nao. Mkirusha mpira kikapuni, wawili warudi nyuma papo hapo, hata kama ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, itawapita. Mkishambulia, tumieni karibu sekunde zote 24 mnazoruhusiwa kabla ya kurusha; vijana watachukia, wazoee tu.

Ila kupunguza kasi kuna mtego wake. Fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, 2015, Cleveland waliwabana Golden State kwa kupunguza kasi hivyo, wakaongoza kwa mechi 2-1. Steve Kerr, kocha wa Golden State, akamweka benchi Bogut, mrefu wake, akamwanzisha Iguodala, mfupi na mwepesi zaidi. Golden State wakashinda tatu mfululizo, wakatwaa ubingwa. Wapinzani wenu nao wanaweza kubadilika.

Yule mwenye goti lililovimba aonwe na daktari kwanza, usimfunge bandeji ukamwingiza.