Kabla hujamwaga dola elfu kuwaona wazee wa rock

Ujumbe wa msomaji ulikuwa mfupi. Masaa manne kwenye foleni ya mtandaoni, zamu yake ilipofika tiketi imeshapanda zaidi ya mara mbili ya bei iliyotangazwa, mkono ukatetemeka, akalipa. Sasa ana tiketi kwenye simu na shimo kwenye akiba. Anauliza: "Nimeibiwa?"

Hapana. Hukuibiwa, ulinunua vibaya. Jibu hilo linauma, najua, ila ukilimeza utaacha kungoja mtu aje akutetee na utaanza kulisoma soko lenyewe.

Kwanza futa kichwani wazo kwamba tiketi ina bei. Tiketi ya bendi kongwe hubadilika bei tangu siku ziara inapotangazwa mpaka taa za ukumbi zinapozimwa, na mashabiki wengi wanainunua katika saa yake mbaya kuliko zote, yaani saa ya kwanza, kwa sababu ya woga. "Huenda hii ndiyo ziara yao ya mwisho." Sentensi hiyo ndiyo mtaji wa biashara nzima. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, amezaliwa 1943. Promota hahitaji kukukumbusha.

Mwaka 1994 bendi ya Eagles walirudiana na kuvuka dola 100 kwa tiketi, jambo ambalo ziara kubwa za rock zilikuwa hazijathubutu. Watu walilalamika, kisha wakajaza viwanja. Mwaka huo huo bendi ya Pearl Jam walipeleka malalamiko Wizara ya Sheria ya Marekani dhidi ya Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi, wakitaka kuuza tiketi kwa dola 18.50 na ada isiyozidi dola 1.80. Uchunguzi ulifungwa 1995 bila hatua yoyote. Halafu ikaja Napster mwaka 1999, programu ya watu kugawiana nyimbo bure mtandaoni, mauzo ya albamu yakaanza kuporomoka, na hesabu ikageuka: zamani ziara ilikuwa tangazo la albamu, sasa albamu ni tangazo la ziara. Pembeni walanguzi walikuwa wakinunua tiketi ya dola 100 na kuiuza 400, na mameneja wakajiuliza kwa nini hizo 300 zisibaki nyumbani. Bei za kupandapanda, yaani zinazopanda kadiri wanunuzi wanavyosongamana, zilizaliwa hapo.

Lakini zielewe vizuri, maana picha zinazosambaa mitandaoni zinapotosha. Julai 2022 tiketi za Bruce Springsteen zilionekana kwa karibu dola 5,000 na kelele zikafika mbinguni. Jarida la mashabiki wake, Backstreets, lililoanza 1980, likafunga milango Februari 2023 kwa sababu ya bei hizo. Hasira yao naielewa kabisa. Ila Ticketmaster walisema tiketi za bei ya kupandapanda zilikuwa asilimia 11.8 ya zote, na wastani wa bei ya tiketi zote ulikuwa dola 262. Hata ukiwatilia shaka wauzaji, umbo la mauzo liko wazi: viti vingi vina bei iliyotulia, vichache vinapaa, na hivyo vichache ndivyo vinavyobaki kwenye skrini wakati vingine vimeshakwisha. Aliyefika kwa kuchelewa huviona hivyo tu na kudhani uwanja mzima unauzwa hivyo.

Bendi ya Oasis ni somo la pili. Tarehe 31 Agosti 2024 watu wa Uingereza walikaa foleni kwa ajili ya tiketi za kusimama za takriban pauni 150 wakakuta 355. Wote wakalaumu kompyuta. Mamlaka ya ushindani ya huko, CMA, ilipochunguza ilikuta jambo la kizamani zaidi: tiketi za kusimama ziligawanywa mafungu mawili, la bei ya chini likauzwa kwanza, likiisha la bei ya juu linafunguliwa, na walio kwenye foleni hawakuambiwa. Pia baadhi ya viti vilibandikwa jina "platinum" na kuuzwa karibu mara mbili na nusu ya viti vya kawaida, bila maelezo ya kutosha kwamba jina hilo halina faida ya ziada na kwamba mara nyingi viti hivyo viko eneo lile lile la uwanja. Likariri hili: platinum ni bei, si huduma. Hupewi kinywaji, hupewi mlango wako, hupewi hata fulana. Septemba 2025 Ticketmaster walikubali kutoa taarifa saa 24 kabla endapo mauzo yatakuwa na mafungu ya namna hiyo, na kuwaonyesha walio foleni bei zilizopo. Taarifa hiyo ikitoka, isome. Wengi hawatasoma, halafu watalia.

Sasa matayarisho. Mauzo ya ziara kubwa hayafunguliwi mara moja: kuna siku ya klabu ya mashabiki, siku ya wenye kadi ya benki inayodhamini, siku ya promota, siku ya ukumbi wenyewe, kisha ya watu wote. Kila siku ina fungu lake la viti. Jiandikishe kote mara ziara inapotangazwa, siyo usiku wa kuamkia mauzo, kwa sababu misimbo mingine ya kukuruhusu kununua hutumwa kwa waliojiandikisha mapema tu na mingine kwa bahati nasibu. Ingia kwenye akaunti yako siku moja kabla, hakikisha nywila inafanya kazi, weka namba ya kadi, weka na kadi ya pili. Kinachowaangusha watu wengi dakika ya mwisho ni benki yao wenyewe kuzuia malipo makubwa iliyoyatilia shaka. Piga simu benki mapema, au pandisha kikomo cha matumizi.

Kisha andika kikomo chako kwenye karatasi, ada ikiwa ndani. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikuta mwaka 2018 kwamba ada za wauzaji wa kwanza zilikuwa wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi, na kwa wauzaji wa mkono wa pili asilimia 31. Kwa hiyo kiti cha dola 200 ni dola 254, na viwili ni 508. Tangu tarehe 12 Mei 2025 sheria ya Marekani inamtaka muuzaji aonyeshe jumla tangu mwanzo, hivyo namba unayoiona kwanza ndiyo unayopaswa kuilinganisha na karatasi yako. Kwingine endelea kupiga hesabu mwenyewe. Na kumbi nyingi zina dirisha la tiketi ambako sehemu ya ada hiyo huondolewa ukienda kwa miguu yako.

Foleni yenyewe haina siri kubwa. Kwenye mifumo mingi, walioingia chumba cha kusubiri kabla ya saa ya mauzo hupangwa kwa bahati nasibu saa ikigonga, kwa hiyo aliyekaa tangu alfajiri hana ubora juu ya aliyeingia dakika kumi kabla. Usifungue kurasa tano kwa akaunti moja, usitumie VPN (programu ya kuficha mahali ulipo), usi-refreshi ukurasa. Mfumo unakuona roboti na kukurudisha nyuma au kukutoa kabisa. Mwenzako wa nyumbani mwenye akaunti yake na simu yake, huyo ni nafasi ya pili halali.

Mkishaingia, balaa linaanza kwenye ramani ya viti. Unagusa kidoti, unaambiwa kimeshachukuliwa, unagusa kingine, vivyo hivyo, na bei zinazidi kubaki zile za juu. Kosa ni kuchagua kidoti ambacho maelfu wanakigusa sekunde ile ile. Fanya hivi: nenda kwenye kichujio, ondoa alama kwenye platinum na kwenye tiketi zinazouzwa upya, panga kwa bei kutoka chini, chagua eneo, halafu mwachie mfumo ukupe kiti bora kilichobaki. Ukikipata una dakika chache tu kabla hakijarudi sokoni. Usianze kumpigia mtu simu kuomba ushauri.

Ukikosa viwili, tafuta kimoja. Mfumo unapouza viti vikiwa jozi huacha mapengo ya kiti kimoja kimoja kila safu, na mapengo hayo hukaa muda mrefu bila mtu. Viti viwili vya peke yake katika eneo moja vinawatosha watu wazima wawili. Muziki ni masaa mawili na nusu na hamtasikilizana hata mkiwa bega kwa bega.

Na bei ikiwa imepita karatasi yako, toka. Hapa ndipo ninapogombana na mashabiki wenzangu. Kila anayelipa dola 1,000 kwa hofu anamfundisha meneja kwamba 1,000 inalipika, na ziara ijayo ataanzia hapo. Baadaye anakuja kuandika kwamba rock imeuzwa kwa matajiri. Aliyeinunua ni yeye.

Ukishatoka, mara nyingi jambo la kwanza ni usiku wa nyongeza. Bendi kubwa huwa zimeshashikilia tarehe za akiba uwanjani, na usiku wa pili unaweza kutangazwa asubuhi ile ile wa kwanza ukijaa. Waliolipa kwa woga hawana hela tena. Hapo foleni hupungua.

Wiki za katikati hazina jambo.

Utamu uko siku mbili tatu za mwisho. Kabla ya ziara kuanza, waandaaji hufungia viti ambavyo hawajui kama vitaona jukwaa: mbele ya kamera, kuzunguka meza ya fundi sauti, pembeni ya spika zinazoning'inia. Magari yakishateremsha vyuma na jukwaa likasimama, mtu hutembea uwanjani, anakaa kwenye viti, anaangalia. Vinavyoona vizuri hufunguliwa kimyakimya, vikiuzwa na muuzaji wa kwanza na mara nyingi kwa bei ya kawaida. Vitatokea siku mbili kabla, asubuhi yenyewe, wakati mwingine saa tisa alasiri. Humo hupatikana viti karibu na meza ya fundi sauti, na hapo ndipo sauti ya uwanja mzima inaporekebishwa. Ukivikuta, usivilinganishe na vya mbele kabisa. Mbele unasikia ngoma na besi, maneno yanakupita juu ya kichwa.

Upande wa walanguzi, kumbuka kwamba tiketi ni kama samaki: onyesho likianza haina thamani. Kwa hiyo katika saa 48 za mwisho wengi hushusha. Mbinu hii inafanya kazi kwenye uwanja mkubwa, katikati ya wiki, bendi ikiwa na zaidi ya usiku mmoja mji ule. Kwenye ukumbi mdogo, Jumamosi, au onyesho la kuaga, inaweza kukuacha nje ya geti, na usisafiri kwenda nchi nyingine ukiitegemea.

Kama unanunua mkononi mwa mtu, picha ya msimbo haitoshi. Tiketi nyingi za simu siku hizi zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha imekufa kabla hujafika getini. Mtake aihamishe kwenye akaunti yako ndani ya programu ya muuzaji. Tangazo lililotoka kabla mauzo yoyote hayajafunguliwa, au lisilotaja safu, ni la mtu ambaye hana tiketi. Anategemea kuipata baadaye. Anayeshikilia umtumie pesa moja kwa moja benki, achana naye, lipa kwa kadi. Uingereza, kwa kitu kimoja cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, sheria ya mikopo ya 1974 humbana mtoa kadi ya mkopo pamoja na muuzaji, ingawa ukipitia soko la kati kinga hiyo huweza kukosekana. Afadhali masoko ya shabiki kwa shabiki kama Twickets kwa Uingereza na CashorTrade kwa Marekani, ambako tiketi haiuzwi kwa faida. Ireland ina sheria dhidi ya ulanguzi huo tangu 2021, na serikali ya Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba nayo itaupiga marufuku.

Usikubali kuambiwa kwamba bendi haina la kufanya. Mwaka 2023 bendi ya The Cure walikataa bei za kupandapanda na platinum, wakaweka tiketi za dola 20 Marekani, na wakazuia kuhamisha tiketi isipokuwa New York, Illinois na Colorado ambako sheria haikuwaruhusu kuzuia. Ada zilipozidi bei ya tiketi yenyewe, mwimbaji wao, Robert Smith, alipiga kelele hadharani mpaka Ticketmaster wakarudisha dola 10 kwa walionunua za bei ya chini na 5 kwa wengine. Uamuzi wa kutumia bei za kupandapanda hupita mezani kwa msanii na menejimenti yake. Barua yako ya hasira ipeleke huko.

Hata Rolling Stones, ambao hakuna atakayewaita wa bei rahisi, wamekuwa na tiketi za kubahatisha. Kwenye ziara ya 2013 ziliuzwa kwa dola 85 wakati viti vya juu vilifika 600. Zinanunuliwa jozi na hujui utakaa wapi mpaka siku yenyewe. Kwa tiketi za aina hii unakwenda dirishani na kitambulisho na kadi uliyolipia, mwenzako akiwa pembeni yako, mnapewa bahasha na kuingia moja kwa moja msije mkaiuza njiani. Wengine hufungua na kukuta safu ya mwisho kabisa juu. Wengine hukuta wako chini ya jukwaa. Wahenga walisema biashara asubuhi. Hii ni ya jioni, na ukifika dirishani bila mwenzako hawakupi kitu.