Maswali Yenu: Binti Anataka Maabara, Hataki Wodi

SWALI: Binti yangu amemaliza Senior Six: fizikia, kemia na baiolojia. Alama zinamruhusu kuomba udaktari, lakini ameng'ang'ania biokemia Makerere ili baadaye atafiti saratani kwenye vinasaba. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya Wazungu, hapa ataishia kufundisha. Wewe uko humo humo, tuambie ukweli. – Mama, Bombo

JIBU: Dada yangu, msalimie sana shemeji, kisha mwambie kazi anayoiita ya Wazungu ilianzia hospitali ya Mulago, Kampala, barabara hiyo hiyo inayopita kwenu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akamwona mwingine wa namna ile ile Jinja. Aliandika habari zao mwaka 1958, na mwaka 1961 akahutubia London, mtafiti wa virusi Anthony Epstein akiwa ukumbini. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapandishwa ndege kutoka Uganda.

Kimoja kilichelewa. Ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kichupa kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwenye haraka angesema bakteria wameingia, akamwaga. Epstein aliweka tone chini ya darubini akakuta seli za uvimbe zinaelea, ziko hai. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, ndivyo vinavyoitwa Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya London. Mimi naona sifa nusu ni ya yule aliyekifunga kichupa vizuri huku kwetu.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, dada. Kuandika namba ya mgonjwa kwenye kichupa kwa kalamu isiyofutika, kuharakisha kipande kwenye barafu, kukiingiza kwenye friji la nyuzi 80 chini ya sifuri na kuomba jenereta iwake umeme ukikatika. Kisha vinasaba vinatolewa na kusomwa. Kwenye uvimbe wa Burkitt mara nyingi utakuta kipande cha kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 8 kimekatika kikajibandika kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike, imeangukia mahali pasipolala. Ni kama taa iliyounganishwa moja kwa moja na nguzo ya umeme, haina swichi: seli inagawanyika tu. Siku ya kwanza kuliona hilo kwa macho yangu nilisahau chakula cha mchana.

Sasa mkate. Shahada miaka mitatu, uzamili miwili, uzamivu mitatu hadi mitano. Wenzake madaktari watakuwa wameshaezeka nyumba. Mshahara wetu mwingi hutoka kwenye ruzuku ya mradi, na mradi ukiisha mkataba nao unaisha. Kwa hiyo ajifunze mapema kuandika maombi ya fedha, na takwimu asizikimbie. Likizo zake asizilalie: aombe kujitolea kwenye maabara. Ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa 1967, na ipo Taasisi ya Utafiti wa Virusi Entebbe. Akiosha vyombo huko kwa mwezi mzima na bado anataka, basi shemeji anyamaze.

SWALI: Mimi ni dereva wa boda boda. Kama saratani ina virusi, nikila sahani moja na mgonjwa nitaipata? – Arua

JIBU: Hapana, kaka, kula naye. Virusi vya Epstein-Barr hupita kwenye mate, na wewe karibu hakika unavyo tangu utotoni, kama watu wazima wengi duniani. Wengi hufa uzeeni bila kudhurika navyo. Uvimbe wa Burkitt huonekana zaidi kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kwa hiyo wanao walale ndani ya chandarua. Na mtoto akilegea meno huku taya linavimba, usikubali aishie kung'olewa jino. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Uvimbe huu hukua haraka mno, lakini husikia dawa.