Mpiga kinanda, waachie watu pumzi

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti mmoja anayesoma makala zangu. "Mwalimu, nimejifunza piano miaka mitatu. Mpiga kinanda wa kanisani kwetu anahama na wameniomba nianze mwezi ujao. Nianzie wapi?" Nilitaka kumjibu mistari miwili tu: fanya mazoezi, usiogope. Nikaandika, nikafuta. Anayeuliza swali hilo anastahili kuambiwa yote, na mengine nimeyakalia kimya muda mrefu.

Mimi nilikalishwa kwenye kinanda cha mabomba cha kanisani nikiwa na miaka 14. Mpigaji aliugua Ijumaa, Jumapili ikawa zamu yangu. Piano nilikuwa naiweza, na nilijua kwamba naiweza. Wimbo wa kwanza niliupiga bila kukosea hata nota moja. Ubeti wa kwanza watu waliimba. Wa pili sauti zikapungua. Wa tatu nikawa namsikia bibi mmoja tu, yuko nyuma yangu maneno mawili, anameza silabi ili anifikie. Baada ya ibada alinishika mkono akasema, "Mwanangu, leo umeimba peke yako." Hakuwa na ukali wowote. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Kosa langu lilikuwa moja: sikuinua vidole. Kwenye piano nyundo hugonga waya, na sauti huanza kufifia hapo hapo hata ukiendelea kubonyeza. Kinanda cha mabomba sivyo kilivyo. Ukibonyeza, hewa inaingia kwenye bomba na sauti inabaki vile vile mpaka uachie, ukiachia, imekatika. Hakuna pedali ya kurefusha sauti ikufichie uzembe. Ndiyo maana mpiga piano akihamia kinanda hujifunza mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza kuunganisha nota kwa vidole vyenyewe, kidole kimoja kikipokea nafasi ya kingine juu ya kibonyezo kilekile bila sauti kukatika. Halafu kuviachia vyote kwa pamoja pale waimbaji wanapovuta pumzi. Mimi nilikuwa nimeunganisha tangu nota ya kwanza hadi ya mwisho. Watu wangepumua saa ngapi?

Basi, imba. Kabla hujagusa kinanda, soma maneno ya wimbo kwa sauti, beti zote, maana sentensi ya ubeti wa pili inaweza isikatike mahali ilipokatika ya ubeti wa kwanza. Kila unapovuta pumzi weka alama ya penseli. Kisha piga huku ukiimba. Ikiwa huwezi kuimba kwa mwendo unaopiga, mwendo huo haufai, hata kama metronomu, kile kifaa cha kupimia mwendo, imeuridhia.

Usidhani hayo huwapata wanaoanza tu. Bach, mtunzi Mjerumani, akiwa na miaka 20 na mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt, alitembea kwa miguu kutoka huko hadi Lübeck, kilomita zipatazo 400, kwenda kumsikiliza Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri. Alipewa ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne. Februari 1706 wakuu wa kanisa walimwita kumhoji, na mbali na utoro wakamlalamikia kwamba anaingiza nota ngeni kwenye nyimbo hadi waumini wanachanganyikiwa. Nampenda Bach kuliko mtunzi yeyote, lakini kwa hilo nawatetea waumini. Aliyekuja kuimba ana haki ya kuutambua wimbo wake.

Miaka ya katikati sitaisimulia. Ni mazoezi ya kwaya, mazishi, harusi, mikesha ya Krismasi, na wanafunzi wa piano kila jioni. Ninachokiona nikifumba macho ni mkono wa mtoto wa miaka saba, kiganja kimelala, kidole gumba kinaning'inia nje, na mzazi mlangoni anauliza lini atapiga wimbo mzima. Nao pia huwa nawaambia waimbe kwanza, ndipo vidole vitafute.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Baada ya miaka 22 kwenye benchi lile lile, Jumapili moja nilifika mapema kama kawaida, nimeshika viatu vyangu vya kupigia, vile vya soli nyembamba ambavyo mguu huihisi pedali ya besi, kibonyezo cha nota nzito kinachopigwa kwa mguu, kabla ya kuikanyaga. Nikakuta mtu amekaa. Mwanafunzi wangu, niliyemfundisha tangu miguu yake haifiki chini. Alisimama. "Shikamoo, mwalimu. Walisema umeshaambiwa."

Sikuwa nimeambiwa. Kamati ilitaka kijana, na kila mjumbe alimwachia mwenzake kazi ya kunieleza. Nilikwenda kukaa safu ya tatu, viatu mapajani. Mwisho wa mstari wa kwanza yule kijana akainua vidole, kanisa zima likavuta pumzi, na mimi nikavuta nao. Nilimwonea fahari. Niliumia pia, na bado naumia, kwa sababu hadi leo hakuna mjumbe hata mmoja aliyeniita akaniambia asante.

Wewe unayeanza, usifanye nilivyofanya. Kubalianeni tangu siku ya kwanza, kwa maandishi: ibada ngapi, nyimbo unaletewa lini, mazishi na harusi vinahesabiwaje, na anayetaka kuachana na mwenzake atamwarifu miezi mingapi kabla. Nilidhani kuuliza hayo ni upungufu wa imani. Widor, mpiga kinanda Mfaransa, alichukuliwa kwa muda tu katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, mwaka 1870, akabaki pale miaka 64. Nilikuwa nawasimulia wanafunzi habari hiyo kwa furaha, nikiamini uaminifu wa mtu unatosha kuwa mkataba wake. Hautoshi. Andikianeni. Na fundisha mtu, hata kama ndiye atakayekalia benchi lako. Na uimbe, kila siku uimbe.

Binti yangu, una wiki nne. Usijifunze nyimbo ishirini, chukua nne. Miguu iache kwanza. Besi ipige kwa mkono wa kushoto mpaka mikono itulie. Wiki ya tatu mwombe mtu mmoja asiye mwanakwaya asimame mwisho kabisa wa kanisa, aimbe beti zote huku ukipiga. Sauti yake itakufikia imechelewa kidogo, kwa sababu ya umbali. Usimsubiri, ukimsubiri wimbo utazorota. Shika mwendo wako, ila kwenye alama za penseli inua vidole. Kisha niandikie, uniambie ubeti wa tatu ulikwendaje.