Degedege baada ya upasuaji wa moyo si lazima liwe kifafa
Pole sana dada. Umeuliza kama degedege alilopata mwanao siku ya pili baada ya upasuaji wa moyo ndiyo mwanzo wa kifafa. Si lazima. Saa 48 za kwanza ndizo zenye degedege hili zaidi: ubongo umetoka kutegemea mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, au bonge la damu limeziba mshipa. Mara nyingi hata halionekani kwa macho, hugunduliwa na kipimo cha umeme wa ubongo tu. Kwa wengi halirudi.

Ila uwezekano wa kifafa baadaye ni mkubwa kuliko kwa watoto wengine, hasa picha ya ubongo ikionyesha kiharusi. Kliniki usikose.

Nyumbani, mkono ukichezacheza, ushike taratibu. Ukitulia, huenda ni kutetemeka tu. Ukiendelea kurukaruka ndani ya kiganja chako, au macho yakakwama upande mmoja, mrekodi kwa simu na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Degedege likifika dakika 5, au midomo ikiwa ya bluu, ni dharura. Usimtie chochote mdomoni. Na fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, kama anaitumia usimkatishe bila daktari, tafadhali.