Harvard ilianzishwa kwa ajili ya wachungaji? Kwanza uliza hati iliandikiwa nani

Nafundisha historia, na tukifika kwenye makoloni ya Waingereza huko Marekani, swali hili huligawa darasa: Harvard ilianzishwa ili kuandaa wachungaji, au kwa ajili ya elimu kwa jumla? Ushauri ninaowapa ni huu: kabla hujachagua upande, uliza kila hati iliandikiwa nani, na aliyeiandika alitaka nini.

Mwaka 1636 baraza la koloni la Massachusetts Bay liliidhinisha pauni 400 za kuanzisha chuo, bila kutaja wachungaji. Maneno yanayonukuliwa mno, kwamba waanzilishi walihofia makanisa kuachiwa wachungaji wasio na elimu wazee wao wakishalala mavumbini, yamo katika kijitabu kilichochapwa London mwaka 1643. Kijitabu hicho kilitafuta michango, na waliotarajiwa kuchanga ni Wapuritani wa Uingereza, yaani Waprotestanti waliotaka kulitakasa kanisa la nchi yao. Hati ya kisheria ya mwaka 1650, ambayo haikumwomba mtu fedha, inataja fasihi, sanaa na sayansi, na kuwalea vijana wa Kiingereza na wa wenyeji wa nchi ile katika maarifa na uchaji wa Mungu.

Hapo ndipo wanahistoria walipogongana. Samuel Eliot Morison, mwaka 1935, alisisitiza kwamba Harvard haikuwa seminari, yaani chuo cha kuandaa wachungaji tu. Mwaka 1939 Winthrop Hudson akamjibu kwa ukali kuwa anaipunguza dini iliyokuwa kiini cha jambo zima.

Mimi naona Morison yuko sahihi kuhusu darasani: mchungaji mtarajiwa na hakimu mtarajiwa walisoma mantiki, Kigiriki na Kiebrania pamoja, na kitivo cha theolojia kilikuja mwaka 1816. Ila kuhusu nia namkubali zaidi Hudson. Takriban nusu ya wahitimu wa karne ile ya 17 waliishia kuwa wachungaji, na kanuni za chuo zilimtaka kila mwanafunzi aelewe kuwa lengo la maisha na masomo yake ni kumjua Mungu na Yesu Kristo.

Jambo jingine ninalosisitiza: tazama watu walikuwa tayari kupoteza nini. Henry Dunster, rais wa chuo tangu mwaka 1640, ndiye aliyekisimamisha kikasimama. Alipokataa hadharani ubatizo wa watoto wachanga, ambao makanisa ya koloni yaliushikilia, utumishi huo wote haukumwokoa. Mwaka 1654 aliachia kiti: koloni lilikuwa tayari kumpoteza rais wa aina hiyo kwa ajili ya fundisho la dini.